Mafuta ya Kahawia, Homoni ya Thairoidi na Chapa ya Mzazi

Kichanga hawezi kutetemeka vizuri kwa baridi. Tumboni joto lilikuwa la mama. Akishatoka, inabidi ajipashe mwenyewe papo hapo. Kazi hiyo hufanywa zaidi na mafuta ya kahawia, yaliyo katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo.

Wengi hudhani ni ndugu wa mafuta meupe ya kitambini. Kumbe nyingi ya seli zake zimetoka ukoo mmoja na misuli. Rangi inatokana na mitokondria tele (vinu vidogo vya nishati ndani ya seli) zenye madini ya chuma, na ndani ya mitokondria hizo kuna protini ya UCP1 inayoifungulia nishati ya chakula njia ya mkato, ikatoka kama joto. Kwa miaka mingi tuliamini mafuta haya huisha utotoni, mpaka mwaka 2009 picha za PET, zinazoonyesha sehemu za mwili zinazotumia sukari nyingi, zilipothibitisha kwamba hata watu wazima wanayo.

UCP1 haizalishwi ya kutosha bila homoni ya thairoidi. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, hutoa zaidi T4, yenye atomi 4 za iodini, ambayo ni kama akiba. Seli ya mafuta ya kahawia ina kimeng'enya chake, DIO2, kinachong'oa atomi moja ili ipatikane T3, homoni yenye nguvu. Baridi ikizidi, neva humwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe, na DIO2 huongezeka. Seli hujaa T3 hata kama kipimo cha damu hakijabadilika. (Walioiita iodini madini joto hawakukosea.)

Mpinzani wa DIO2 ni kimeng'enya kingine, DIO3, kinachoizima T3. Hapa ndipo wazazi wanapoingia. Jeni nyingi hurithiwa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, na zote mbili hufanya kazi. Jeni chache, kama 100 hivi kwa binadamu, zina chapa ya mzazi: alama za kikemikali zilizowekwa tangu kwenye yai au mbegu, zinazonyamazisha nakala ya upande mmoja. Katika panya, jeni ya DIO3 na jirani yake DLK1 hufanya kazi zaidi kupitia nakala ya baba. DLK1 huzizuia seli changa zisikomae kuwa seli za mafuta. Zote mbili ni breki, na breki ina kazi yake: T3 ikizidi mapema, viungo vya kijusi hukomaa kabla ya wakati. Lakini panya waliozaliwa na dozi maradufu ya jeni hizi walipata mafuta ya kahawia yasiyokomaa, wakashindwa kutunza joto.

Kwa hiyo kila seli hujipimia T3 yake. Ndiyo maana hushtuka ninaposikia mtu mwenye tezi yenye afya anameza vidonge vya thairoidi apungue unene. Vidonge havichagui seli: moyo hupiga ovyo, misuli hupungua, mifupa hudhoofika. Kichanga aliyezaliwa na upungufu wa homoni hiyo ndiye anayevihitaji, tena mapema. Upungufu huo unaweza kugunduliwa kwa tone la damu ya kisigino katika siku zake za kwanza.