Gitaa la umeme na nchi lilikotengenezwa: yanayosemwa na yaliyopo

Mpe mpiga gitaa chombo kigeni mkononi, kitu cha kwanza atakachofanya ni kugeuza kichwa cha gitaa atazame limeandikwa nchi gani. Akishasoma tu, bei ameshaipanga: Marekani juu, Japani inafuata, Meksiko katikati, Korea na Indonesia chini kidogo, China mkiani. Mpangilio huo unaeleza vizuri mishahara ya viwandani. Ubora unaueleza nusunusu.

"La Marekani ni la Marekani tu"

La mwaka gani? Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, ilinunuliwa na shirika la utangazaji la CBS mwaka 1965 na kubaki mikononi mwake hadi 1985. Magitaa mengi yaliyotoka California miaka ya 1970 yanalalamikiwa mpaka leo kwa uzito na kwa shingo zinazocheza. Stratocaster, gitaa lao maarufu, ilipunguziwa hata skrubu za kushikia shingo, kutoka nne zikabaki tatu. Mwaka 1982 kazi nyingine ikapelekwa Japani, kiwanda cha FujiGen mjini Matsumoto. Yale ya mwanzo, yenye namba zinazoanzia na JV, sasa hivi yanasakwa na watu wenye pesa zao.

Kuna na ile hadithi ya fundi mzee anayechonga kila gitaa kwa patasi. Leo Fender mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa fundi redio, na gitaa hakujua kulipiga. Alichobuni ni chombo cha kiwandani tangu siku ya kwanza: mwili wa ubao, shingo inafungwa kwa skrubu, kwisha. Leo hii mbao zinakatwa na mashine za kompyuta, iwe Corona kule California au Ensenada upande wa Meksiko. Tofauti inaanza baada ya mashine, kwenye saa za mikono ya watu: kusawazisha freti (vile vipande vya chuma vilivyopachikwa shingoni), kulainisha kingo za shingo, kukagua rangi. Saa hizo ni ghali Marekani, ndiyo maana gitaa lao linaweza kufika bei mara mbili ya ndugu yake wa Meksiko. Ukiniuliza kama sauti nayo ni mara mbili, jibu ni hapana. Unachopata ni umaliziaji safi zaidi, vifaa bora, na bei nzuri siku ya kuliuza.

"La China ni takataka"

Takataka zipo, tena nyingi. Lakini Qingdao kuna kiwanda cha Epiphone, chapa nafuu ya kampuni ya Marekani ya Gibson, kinachomilikiwa na Gibson yenyewe, na Squier (chapa nafuu ya Fender) za Classic Vibe zilipoanza kutoka China mwaka 2008, wengi waliozidharau walizinunua. Kiwanda hutengeneza kulingana na oda. Kampuni ya Kikorea ya Cor-Tek, kwenye kiwanda chake cha Indonesia, hutengeneza Cort zake, Squier za watu wanaoanza, na magitaa ya kampuni ya Marekani ya PRS, yale ya kundi la SE, ambayo mwanamuziki wa kulipwa anapanda nayo jukwaani. Maandishi ya nchi ni yaleyale, magitaa ni mbalimbali. Japani nayo iliwahi kuitwa nchi ya kunakili. Mwaka 1977 wenye Gibson walimshtaki msambazaji wa Ibanez, chapa ya Kijapani, huko Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Siku hizi hakuna anayemcheka mwenye gitaa la Kijapani.

"Mbao za kwao ndizo zinazotoa sauti ile"

Mbao gani za kwao? Ubao mweusi wa shingoni kwenye magitaa mengi ya Marekani umetoka India au Kameruni. (Mpingo wetu huishia zaidi kwenye klarineti.) Isitoshe, kinachosikika kwenye spika kimepita kwanza kwenye pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi. Hapo ndipo magitaa ya bei ya chini hubana matumizi: pikapu hafifu, swichi zinazokwaruza, vikazio vya nyuzi vinavyolegea katikati ya wimbo. Habari njema ni kwamba vyote hivyo hubadilishwa. Shingo mbovu ndiyo maumivu.

"Likiwa la bei, litoe kwenye boksi upige"

Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Gitaa lililozoea unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa likihamia Dodoma wakati wa kiangazi, ubao wa shingo husinyaa lakini chuma hakisinyai, basi ncha za freti zinachomoza pembeni na kukukwaruza kiganja. Pitisha kidole gumba kando ya shingo, utazisikia. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame katikati: panatakiwa uwazi mdogo, kama unene wa kadi ya biashara. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, au uwazi ukiwa mkubwa, chuma cha ndani ya shingo kinahitaji kurekebishwa. Malizia freti ya 12: gusa uzi juu yake bila kuubonyeza, upige, halafu bonyeza upige tena. Sauti zisipolingana, kirekebishe kijiko cha uzi huo, yaani kipande kidogo kinachoubeba kwenye daraja, pale mwilini nyuzi zinapoishia. La Indonesia lililopita kwa fundi makini hupigika vizuri kuliko la Marekani lililokaa kabatini.

"Hii ni Gibson, ila ya kiwanda chao cha China"

Hapa nchi ina maana kubwa. Qingdao wanatoa Epiphone. Les Paul, gitaa lao maarufu, yenye jina la Gibson hutengenezwa Nashville. Muuzaji akikwambia maneno hayo anakuuzia bandia. Tazama kifuniko kidogo kichwani, juu kidogo ya mahali nyuzi zinapoingilia shingo: cha Gibson kina skrubu mbili, na bandia nyingi zina tatu.