Johnson si Ndugu wa Johnson

Juzi nimeletewa tena ile orodha ya WhatsApp ya mambo yanayofanana kati ya marais Lincoln na Kennedy wa Marekani. Mnaijua. Lincoln kachaguliwa 1860, Kennedy 1960. Wote wawili wakapigwa risasi siku ya Ijumaa. Wote wakarithiwa na Johnson, huyu wa kuzaliwa 1808, yule 1908. Mpaka hapo sina ugomvi, tarehe ni hizo hizo. Ila safari hii aliyeituma, mtu mzima na digrii zake mbili, kaongeza la kwake chini: ukoo wa Johnson haukuanza leo kuwinda White House. Sijashusha pumzi, mwingine kundini anauliza kama Mike Johnson, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, naye ni mjukuu wao.

Nasaba za wanasiasa wa Marekani ndiyo kazi inayonipa ugali. Nashinda kwenye wosia, sensa na rejista za ubatizo. Na hili swali, jamani, limenichosha. Hakuna Mtanzania anayesikia Samia Suluhu Hassan na Ali Hassan Mwinyi akadhani ni mtu na kaka yake kwa sababu ya hilo Hassan. Mkivuka bahari tu, akili mnaziacha bandarini.

Andrew Johnson alizaliwa Raleigh, North Carolina, akafiwa na baba akiwa mdogo, akawekwa kwa mshona nguo awe mwanagenzi. Akatoroka. Mwaka 1824 bwana wake akatoa tangazo gazetini: dola 10 kwa atakayemrudisha. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais baada ya Lincoln. Lyndon Johnson, aliyemrithi Kennedy, ni wa Texas, mtoto wa Sam Johnson aliyekuwa mbunge katika bunge la jimbo. Panda miti yote miwili unavyotaka, haikutani. Baba yake Mike Johnson alikuwa zimamoto mjini Shreveport, Louisiana. Katika sensa ya 2010 Johnson lilikuwa jina la pili kwa wingi Marekani nzima, nyuma ya Smith tu, likiwa na watu zaidi ya 1,900,000. Magnus Johnson, seneta wa Minnesota miaka ya 1920, alizaliwa Sweden! Ukoo gani huo? (Na kile kipande cha orodha kinachosema Lincoln alikuwa na katibu aitwaye Kennedy ni cha kubuni. Makatibu wake walikuwa Nicolay na Hay.)

Za kweli zipo, na nazipitia haraka kwa sababu hakuna anayezikosea. John Adams na mwanawe John Quincy. William Henry Harrison na mjukuu wake Benjamin. Bush watatu kwa mfuatano: Prescott seneta, kisha marais wawili, na Jeb gavana wa Florida pembeni. Kina Taft wa Ohio. Basi.

Kinachonikera si hao. Kinanikera mtu anayeshika jina kana kwamba ni kipimo cha damu. Bill Clinton alizaliwa akiitwa William Jefferson Blythe. Baba yake alikufa ajalini kabla hajazaliwa, na Clinton ni jina la baba wa kambo. Kwa hiyo wale wanaomuunganisha na George Clinton, Makamu wa Rais wa zama za Jefferson na Madison, wanapoteza wino. Gerald Ford alizaliwa Leslie King. Naye Ford ni baba wa kambo, na si Ford wa magari. Henry Wilson, Makamu wa Rais Grant, alizaliwa Jeremiah Colbath, akajibadilisha mwenyewe ukubwani. Ukimtafutia Henry Wilson mababu kwenye vitabu vya kina Wilson utazeeka hapo hapo.

Halafu kuna upande wa pili, ambao orodha za WhatsApp haziugusi kabisa: damu ipo, jina halipo. Hapa naomba mnivumilie.

Richard Mentor Johnson wa Kentucky (ndiyo, Johnson mwingine, naye hana undugu na wale) aliishi kama mume na Julia Chinn, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Walizaa mabinti wawili, Adaline na Imogene. Wanaume weupe wengi wa Kusini walifanya hivyo gizani. Huyu aliwatambua watoto mchana kweupe na kuwapa jina lake. Kosa lake, machoni pa wenzake, lilikuwa hilo la mchana kweupe. Alipogombea umakamu 1836, wajumbe wa uchaguzi wa Virginia (ndio wanaopiga kura ya mwisho ya urais na umakamu) waliopaswa kumpigia wakagoma, akapungukiwa kura, na suala likaenda Seneti. Mpaka leo ndiye Makamu wa Rais pekee aliyechaguliwa na Seneti.

Sasa mweke kando ya Strom Thurmond wa South Carolina, aliyegombea urais 1948 kwa sera ya kuwatenga weusi na weupe. Mwaka 1925 alizaa na Carrie Butler, binti mweusi wa miaka 16 aliyekuwa mtumishi nyumbani kwa wazazi wake. Mtoto, Essie Mae, akalelewa na mama mkubwa na kuchukua jina la huko, Washington. Baadaye Washington-Williams kwa ndoa. Thurmond alikufa Juni 2003 akiwa na miaka 100, na Desemba ile ile Essie Mae akajitokeza hadharani. Familia ikakubali. Kwenye sanamu yake nje ya bunge la jimbo, jiwe lilikuwa limechongwa kwamba ni baba wa watoto wanne. Mwaka uliofuata wakaongeza jina lake na kugeuza wanne kuwa watano, na mahali pa kiraka panaonekana. Mtu wa orodha angekuja akamuunganisha Essie Mae na George Washington, akampita Thurmond bila hata kusimama.

Kwa hiyo ninaposema “hawana undugu”, nasema kwamba hakuna karatasi inayowaunganisha. Vitabu vya kiada vinaandika sentensi hiyo kana kwamba ni hesabu. Kwa familia za Kusini zilizoishi karne mbili na utumwa, karatasi ziliandikwa na watu wenye sababu nzuri ya kuacha nafasi wazi.

Ila msinielewe vibaya: jina lina kazi, tena kubwa. Halifanyi kazi kwenye damu, linafanya kazi kwenye karatasi ya kura. Mwaka 1954, Massachusetts, mfanyakazi wa stoo katika kiwanda cha nyembe cha Gillette aligombea uhazini wa jimbo, akashinda, na akakaa ofisini mpaka 1961. Aliitwa John F. Kennedy. F ya Francis, si Fitzgerald, wala hakuwa na undugu na yule seneta kijana wa jimbo hilo hilo aliyekuja kuwa Rais. Hapo ndipo mahali pa kuuliza maswali kuhusu majina na madaraka. Au muulizeni Hillary, mke wa Bill Clinton: alibaki Rodham, jina la kwao, mumewe alipokuwa gavana wa Arkansas, mume akashindwa 1980, na kampeni ya 1982 ilipoanza tayari alikuwa Hillary Clinton.

Kina Roosevelt, marais wawili, nimewaweka mwisho kwa sababu wananisumbua. Wengi huwaita baba na mwana, wengine mjomba na mpwa. Theodore na Franklin ni mabinamu wa tano, yaani wanakutana vizazi sita juu: babu yao wa pamoja ni Nicholas Roosevelt, aliyekufa 1742. Aliyekuwa karibu na Theodore ni Eleanor, mke wa Franklin, mtoto wa Elliott, ndugu yake Theodore tumbo moja. Na ukaribu huo haukumzuia kitu. Theodore mdogo, mtoto wa Rais Theodore, alipogombea ugavana wa New York 1924, Eleanor, binamu yake wa kwanza kabisa, alimfuata mji kwa mji na gari lenye birika kubwa juu linalotoa mvuke, ili wapiga kura wasisahau kashfa ya mafuta ya Teapot Dome (teapot ni birika la chai), ambayo kijana wa watu hakushtakiwa kwayo. Akashindwa na Al Smith.

Sasa shida yangu. Mwaka 2007 Lynne Cheney alitangaza kwamba mumewe Dick, Makamu wa Rais wakati huo, na Barack Obama ni mabinamu wa nane, kupitia mhamiaji wa karne ya 17 aliyeishi Maryland. Kila mtu alicheka, nami nilicheka. Lakini kati ya binamu wa tano na wa nane kuna vizazi vitatu tu, na mabinamu wa tano wa Marekani wanaojuana hata kwa sura ni wachache mno. Kwenye majedwali yangu nakata kwa binamu wa nne. Kwa kanuni hiyo Theodore na Franklin walipaswa kutoka siku nyingi, na bado nimewabakiza kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu wote wawili wanaitwa Roosevelt.