Siku kati ya kosa na kutengeneza

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tano nikifundisha darasa la kipaimara, na swali linalonirudia kuliko yote ni hili: "Mwalimu, nimeokoka, mbona hasira ni ileile?" Wengi wanategemea mkesha mmoja uwageuze. Siudharau mkesha, nami hukesha. Ila tabia ya Kristo nimeiona ikikua zaidi katika zile siku zinazopita kati ya kukosa na kwenda kutengeneza.

Warumi 5 inasema saburi huleta "uthabiti wa moyo". Kwa Kigiriki ni dokime, neno la ukoo mmoja na yale yaliyotumika kwa madini au sarafu iliyopimwa ikaonekana halisi. Kwa hiyo Paulo anasema habari za moyo uliopita kwenye kipimo. Kipimo chenyewe tunakutana nacho kwenye foleni ya maji, kwenye chenji, kwenye jibu unalompa mwenzi wako ukiwa umechoka.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa kiroho wa toba na kuungama dhambi, walilijua hili. Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Moto uliowaka baadaye Gahini, Rwanda, ukafika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, haukuishia kwenye machozi. Watu walirudisha walivyoiba, wakaungama mbele ya waliowakosea. Huko ndiko kutembea nuruni, kama 1 Yohana 1:7 inavyosema.

Kwa hiyo simuulizi mwanafunzi, "Umeacha hasira?" Namuuliza, "Safari hii ulikaa siku ngapi kabla ya kwenda kuomba msamaha?" Aliyekuwa akikaa mwezi, akafika siku tatu, huyo anakua, hata kama bado anakasirika. Waefeso 4:26 imeweka mpaka: jua lisichwe ukiwa bado na hasira.

Mimi mwenyewe nilishindwa. Mama anayetuuzia mboga alinizidishia chenji ya shilingi elfu mbili. Niligundua nimeshafika nyumbani, mvua inanyesha, na jioni nilikuwa na somo la tunda la Roho. Nikasema nitampelekea kesho. Kesho ikawa siku tisa. Somo nililifundisha, tena kwa ufasaha, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

Hesabu 5:7 inaagiza aliyekosa arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Nilikuwa nikiiona kama faini tu. Nikahesabu elfu mbili na mia nne, nikaenda.

Mama alizipokea kimya. Kisha akaniambia kwamba siku ile hesabu ilipopungua alimshuku binti yake, aliyekuwa akimsaidia gengeni, akamfokea na kumzuia asiguse tena kisanduku cha pesa. Siku tisa mtoto alikuwa mwizi nyumbani kwao kwa sababu mimi niliogopa mvua. Hapo ndipo nilipoielewa ile sehemu ya tano: deni lililokawia huwa limeshamfikia mtu mwingine.

Nikamuuliza binti yuko wapi. Akasema yuko shuleni, hurudi saa kumi. Ilikuwa saa nane. Nikaomba kigoda, nikakaa kumsubiri.