Dodoso Lisilo na Jina Bado Lina Mwenyewe

Nimeisikia tena sentensi ile ile, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mkurugenzi wa utawala wa taasisi moja, mtu makini kwa mambo mengine yote, alinihakikishia kwamba watumishi wake wangesema kweli tupu katika utafiti wa maoni kwa sababu dodoso halikuwauliza majina. Nililisoma dodoso hilo. Ukurasa wa kwanza ulimtaka mtumishi ataje idara, kituo cha kazi, jinsi, kundi la umri, kiwango cha elimu, cheo na miaka aliyokaa kazini, na juu kabisa, kwa herufi nzito, paliandikwa kwamba majibu yote ni siri. Jina kweli halikuwamo, kwa kuwa halikuhitajika.

Hebu tuhesabu pamoja. Kitengo cha sheria cha taasisi ya kawaida kina wanasheria wangapi? Wakiwa sita, na mmoja wao ni mwanamke mwenye umri chini ya miaka 35, mwenye shahada ya uzamili, aliyepangiwa kituo cha Dodoma, basi hata mlinzi wa getini anaweza kumtaja kabla hujamaliza kusoma mstari. Mwaka 2000 Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data, kwa kutumia takwimu za sensa ya Marekani, alionyesha kwamba takriban asilimia 87 ya wakazi wa nchi hiyo wangeweza kutofautishwa mmoja mmoja kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsi, na msimbo wa posta wa tarakimu tano. Kabla ya hapo alikwisha kuzitambua kumbukumbu za matibabu za William Weld, aliyekuwa gavana wa Massachusetts, katika data za hospitali zilizotolewa bila majina, kwa kuzilinganisha na daftari la wapiga kura. Ikiwa nchi yenye mamilioni ya watu inachambulika hivyo kwa maswali matatu, taasisi yako yenye watumishi 180 itasalimika vipi kwa maswali saba?

Kuna ahadi mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kutotambulika: hakuna mtu yeyote, hata mimi niliyekusanya majibu, anayeweza kujua nani alijibu nini. Ya pili ni kutunziwa siri: mimi najua, au ningeweza kujua nikitaka, lakini nimeahidi kutosema na nimejiwekea taratibu za kunizuia. Ahadi hizi hazilingani, na anayeahidi ya kwanza huku akiwa na uwezo wa kutoa ya pili tu anadanganya, hata kama nia yake ni safi. Ninavyoona mimi, karibu tafiti zote za maoni ya watumishi zinazotumia mtandao ni za aina ya pili, na hakuna aibu yoyote kulisema hilo mwanzoni mwa dodoso.

Mtu akishaelewa hapo, hukimbilia dawa moja inayojulikana, yaani kuweka kiwango cha chini cha majibu. Utafiti wa kila mwaka wa watumishi wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 2009, hautoi ripoti ya timu iliyorudisha majibu chini ya 10, na wengi wetu tunaofanyia taasisi tafiti hizi tumeiga namba hiyo au tumeipunguza hadi 5 pale mteja alipolalamika. Ni utaratibu mzuri. Kinachoniudhi ni jinsi unavyochukuliwa kama ukuta, ilhali mtu mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuupita.

Chukua idara yenye watu 12, wanawake 11 na mwanamume mmoja, na wote wamejibu. Swali ni "Ninaweza kumweleza msimamizi wangu jambo baya bila hofu," na majibu yanaanzia 1, sikubaliani kabisa, hadi 5, nakubaliana kabisa. Ripoti inaonyesha wastani wa idara kuwa 3.42. Jedwali jingine, kurasa nyingi mbele, linaonyesha wastani wa wanawake wa idara hiyo kuwa 3.64. Makundi yote mawili yamevuka 10, kwa hiyo programu imeyachapa bila kusita. Sasa zidisha 3.42 kwa 12 upate takriban 41, kisha zidisha 3.64 kwa 11 upate takriban 40. Toa ya pili katika ya kwanza. Bwana yule peke yake alijibu 1, na msimamizi anayesoma ripoti hiyo sasa anajua kwamba mwanamume pekee wa idara yake hathubutu kumweleza jambo baya, na amelijua hilo kupitia dodoso lililoahidi siri.

Kwa hiyo kiwango cha chini hakitoshi kukaguliwa jedwali kwa jedwali. Lazima ukague pia tofauti kati ya majedwali. Kundi likikatwa mara mbili, salio nalo linapaswa kuvuka kiwango. Kazi hii inachosha, na programu nyingi za dodoso haziifanyi, nami nakiri kwamba namba 10 yenyewe haina msingi wa kisayansi ninaoweza kuutetea mbele ya mtu mkali. Kundi la watu 10 ambao wote wamejibu 1 halimfichi yeyote, kwa sababu ukishajua mtu yumo ndani ya kundi umeshajua na jibu lake. Kundi la watu 4 wenye majibu yaliyotawanyika linaweza kuficha zaidi. Tunatumia 10 kwa sababu ni rahisi kuieleza kwenye kikao.

Dawa ambayo mimi huipendekeza ni ya mapema zaidi: punguza maswali ya ukurasa wa kwanza. Kila swali la wasifu lieleze litatumika kufanya uamuzi gani. Ukiuliza elimu, utafanya nini ukigundua kwamba wenye stashahada hawaridhiki kuliko wenye shahada? Kama jibu ni "tutaangalia," liondoe. Mara nyingi hubaki mawili: idara, na kundi pana la miaka ya kazi. Wateja hulalamika kwamba uchanganuzi utakuwa mwepesi, na ni kweli utakuwa mwepesi.

Njia ya kukusanya majibu nayo hutoboa siri. Fomu ya Google ikiwekewa sharti la jibu moja kwa kila mtu humlazimisha mhojiwa aingie kwa akaunti yake, na anwani yake ya barua pepe humtazama juu ya fomu wakati anapima kama amseme mkuu wake. Hata kama anwani hiyo haihifadhiwi, umeshampoteza. Halafu inakuja siku ya tano, na afisa rasilimali watu anaandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: "Ndugu watumishi, kuna wenzetu wanne Idara ya Fedha ambao bado hawajajaza." Amejuaje? Pengine amehesabu tu majibu kwa idara, hakuna ubaya wowote, lakini watu mia wamesoma ujumbe huo na kila mmoja amehitimisha kwamba anafuatiliwa. Vikumbusho vitumwe kwa wote, waliojaza na wasiojaza, vikiwa na maneno yale yale, na vitumwe na mtu ambaye hahusiki na kupandisha vyeo.

Maswali ya wazi ni hatari kuliko yote, na ndiyo yanayopendwa kuliko yote, maana mkurugenzi hufungua ripoti moja kwa moja kwenye maoni ya maneno. Katika ofisi ya Dar es Salaam, mtu mmoja akiandika "skuli" pale ambapo wenzake wote wanaandika "shule," umeshajua ametoka Zanzibar, na pengine wako wawili tu. Mwingine huanza kila barua pepe kwa "Kama nilivyokwisha kueleza," na anaanza maoni yake hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo sichapi maoni kwa maneno ya mhojiwa mwenyewe. Nayapanga kwa mada na kuyaandika upya kwa lugha isiyo na sura ya mtu. Nimeambiwa kwamba kwa kufanya hivyo nawanyang'anya watumishi sauti yao. Hoja hiyo ina uzito, na sijapata jibu linaloniridhisha mimi mwenyewe, ila nimeona heri mtu apoteze ladha ya maneno yake kuliko apoteze kazi.

Kwa nini ning'ang'anie jambo hili, wakati ningeweza kuandika juu ya sampuli au juu ya mizani ya Likert, yaani ile ya majibu ya 1 hadi 5? Kwa sababu kasoro ya sampuli huonekana, ila hofu haionekani. Hofu haipunguzi idadi ya majibu. Mara nyingi huiongeza, kwa kuwa mwenye hofu hujaza haraka ili asihesabiwe kati ya wasiojaza, tena hujaza 4 kutoka juu hadi chini. Ripoti inatoka ikisema asilimia kubwa wamejibu na wengi wameridhika, na menejimenti inapongezana. Hali huwa mbaya zaidi pale alama zenyewe zinapohesabiwa katika utendaji wa mkuu. Nchini Kenya, ambako mikataba ya utendaji katika mashirika ya umma ilianza mwaka 2004, utafiti wa kuridhika kwa watumishi umewahi kuwa miongoni mwa viashiria vya mikataba hiyo. Wazo lilikuwa jema. Lakini mtumishi anayejua kwamba alama yake ya chini itamgharimu bosi wake ana sababu ya ziada ya kujiuliza kama anaweza kutambulika.

Kwa wadau wa nje mambo ni magumu zaidi, ingawa nitasema kwa ufupi. Taasisi inaweza kuwa na wafadhili wanne na wazabuni wakubwa watatu. Hakuna hesabu itakayomficha mmoja kati ya watatu, hasa yule ambaye ankara zake hazijalipwa kwa miezi kadhaa na ambaye malalamiko yake yote yatahusu malipo. Hapo acha dodoso kabisa. Fanya mahojiano, mwambie mdau waziwazi kwamba huenda akatambulika, mwonyeshe muhtasari wa maneno yake kabla haujaenda popote, na mwache afute anachotaka. Kuwapa watu saba dodoso la mtandaoni kisha kuchora chati ya asilimia ni kichekesho, mtu mmoja kati ya saba ni asilimia 14, na tayari nimeona aya nzima ikieleza "kushuka kwa imani ya wadau kwa asilimia 14."

Ipo mbinu moja inayompa mhojiwa kinga ambayo haitegemei ahadi yangu. Mtafiti Stanley Warner aliianzisha mwaka 1965, na namna yake rahisi iko hivi. Swali ni la ndiyo au hapana, kwa mfano kama mtu amewahi kuombwa kitu ili apandishwe cheo. Kila mtumishi anarusha sarafu mahali pasipoonekana. Ikiangukia kichwa, anaandika "ndiyo" bila kujali ukweli. Ikiangukia upande wa pili, anajibu kweli. Kwa watumishi 200, takriban 100 watasema ndiyo kwa amri ya sarafu. Ukipata ndiyo 130, zile 30 za ziada zimetoka kwa watu 100 waliojibu kweli, kwa hiyo unakadiria asilimia 30, na bado hakuna "ndiyo" hata moja inayoweza kumshtaki aliyeiandika. Mbinu hii inahitaji watu wengi. Kwa watumishi 40, sarafu zinaweza kuangukia kichwa mara 16 au mara 24 bila ajabu yoyote, na makadirio yako yanayumba mno yasiwe na maana. Isitoshe, wapo wanaokataa kabisa kuandika "ndiyo" ya uongo kuhusu rushwa, sarafu iseme isemavyo, na siwezi kuwalaumu.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na zote mbili zinamlinda mtu anayeweza kutambulika, si yule tu aliyetajwa jina. Kwa hiyo mkurugenzi anayeniomba data ghafi, yaani majibu ya mtu mmoja mmoja, baada ya ripoti, na wapo wanaoomba kwa upole mkubwa, anaomba kitu ambacho mkataba wangu unakataza na ambacho sheria ingemtaka akieleze. Weka kipengele hicho kwenye mkataba kabla ya kuanza kazi. Ukisubiri mpaka uombwe, utaonekana mkaidi.

Bado kuna mambo mawili ambayo vitabu vya fani yetu huyapita haraka. Alama ya 3, ile ya katikati, siwezi kuisoma. Inaweza kuwa hofu, au kutojali, au mtu anayefikiri kwa uaminifu kwamba mambo ni ya wastani, na hakuna uchanganuzi unaoweza kuzitenganisha hali hizo baada ya dodoso kurudi. Nimejaribu kuweka kisanduku cha "sipendi kujibu," na kinasaidia kidogo, ila katika ofisi zenye hofu kubwa hata kisanduku hicho hakiguswi, maana kukataa kujibu nako ni jibu.

La pili ni zito zaidi. Hutokea kwamba kwenye maoni ya wazi mtu anaandika tuhuma, tuseme ya msimamizi anayedai rushwa ya ngono, bila kujitaja. Nikiipeleka kama ilivyo, msimamizi atajua kwa dakika moja ni nani aliyesema, na nitakuwa nimevunja ahadi. Nikiifunga ndani ya mada ya "mahusiano kazini," nitakuwa nimemsaidia mtuhumiwa. Ninachofanya sasa ni kuandika mwanzoni mwa kila dodoso, kabla ya swali la kwanza, kwamba tuhuma za aina hiyo hazitashughulikiwa kupitia utafiti huu, na kutaja mahali pa kuzipeleka, ikiwamo TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa ya Tanzania. Wenzangu wawili ninaowaheshimu wanaona kwamba kufanya hivyo ni kunawa mikono, na wao huziwasilisha tuhuma hizo kwa mwenyekiti wa bodi peke yake, kwa mdomo, bila karatasi. Tumebishana juu ya hili mara nyingi na hatujakubaliana.