Umesimamishwa na Polisi Oakland? Kila Kitu Kinaanzia Kwenye Sababu

Tangu tarehe 1 Januari 2024, polisi yeyote katika jimbo la California anayekusimamisha, uwe ndani ya gari au unatembea kwa miguu, anatakiwa akutajie sababu kabla hajaanza kukuuliza maswali yanayohusu kosa. Sheria hiyo inaitwa AB 2773. Askari anaruhusiwa kuchelewesha maelezo pale tu anapoamini, kwa msingi unaoeleweka, kwamba maisha au mali viko hatarini papo hapo, kwa mfano mtu ametekwa. Sababu hiyo lazima pia iandikwe kwenye tiketi au kwenye taarifa ya polisi, kama tukio litazaa mojawapo.

Wengi wameipokea kama sheria ya adabu barabarani, na hapo wanapunjika. Sababu iliyotamkwa mapema, askari akiwa bado hajaona kilichomo garini wala kusikia lafudhi yako, ndiyo kipimo ambacho kila hatua inayofuata italinganishwa nacho. Mlalamikaji anayekumbuka kila tusi lakini hakumbuki sababu aliyotajiwa humwacha mchunguzi bila pa kuanzia.

Makala haya yanahusu jiji la Oakland na Tume yake ya Polisi, chombo cha raia kinachosimamia idara ya polisi. Ukiwa Minneapolis, Columbus au Portland ya Maine, sheria za jimbo na muundo wa chombo cha usimamizi ni tofauti, kwa hiyo usichukue tarehe na taratibu za hapa ukazipeleka huko.

Tume hii haikuzuka tu. Mwaka 2000 iliibuka kashfa ya askari wa zamu ya usiku wa Oakland Magharibi waliojulikana kama Riders, waliotuhumiwa kupiga watu, kuwabambikia ushahidi na kughushi taarifa. Walalamikaji 119, karibu wote Weusi, walifungua kesi. Januari 2003 jiji lilikubali kulipa dola milioni 10.9 na kuweka idara yake ya polisi chini ya uangalizi wa mahakama ya shirikisho, uangalizi uliovuka miaka 20. Novemba 2016 wapiga kura walipitisha Hoja LL kwa takriban asilimia 83, na Tume ikaingizwa kwenye katiba ya jiji. Mwaka 2020 Hoja S1 iliiongezea uhuru na ofisi ya Mkaguzi Mkuu.

Makamishna ni 7, na wawili wa akiba. Meya anateua watatu na mmoja wa akiba. Wengine wanachaguliwa na jopo la wakaazi. Askari aliye kazini popote haruhusiwi. Haruhusiwi pia mwajiriwa wa sasa wa jiji, aliyewahi kuwa askari wa Oakland, wala aliyewahi kukiwakilisha chama cha askari. Mkuu wa polisi anaweza kuondolewa na Tume ikishirikiana na meya, kama ilivyotokea Februari 2020, au na Tume peke yake ikiwa ipo sababu mahususi. Uchunguzi wa malalamiko unafanywa na wakala ulio chini ya Tume, unaofahamika kwa kifupi CPRA. Wachunguzi wake ni raia, na katiba ya jiji inataka wasipungue mmoja kwa kila askari 100.

Sasa tuje kwenye fomu, maana hapo ndipo penye uzito wenyewe. Kwa sheria ya jimbo ya mwaka 2015 iitwayo AB 953, kila kusimamishwa kunajaziwa taarifa: tarehe, saa, mahali, muda uliotumika, sababu, hatua zilizochukuliwa (kushushwa garini, kufungwa pingu, kupekuliwa), kilichokutwa na tukio lilivyoisha. Askari anaandika pia rangi, jinsia na umri wa mtu jinsi yeye alivyomwona, na kama alimwona hajui Kiingereza vizuri. Anaandika alivyoona. Haruhusiwi kukuuliza wewe ni wa asili gani ili ajaze fomu, wala kuangalia kitambulisho ili arekebishe alichodhani. Tunaulizwa mara kwa mara kwa nini takwimu zinategemea macho ya askari badala ya ukweli. Jibu ni kwamba ubaguzi unatokana na anachokiona yeye. Mtu wa Zanzibar, wa Bukavu au wa Mombasa anaweza kujitambua kwa namna nyingi, lakini kinachopimwa ni uamuzi uliofanyika kwenye kioo cha gari la doria.

Takwimu hizo zikifika mezani, kosa la kwanza la wasomaji ni kulinganisha asilimia ya waliosimamishwa na asilimia ya wakaazi, kisha kutoa hukumu. Ulinganisho huo unaamsha swali lakini haulifungi, kwa sababu wakaazi wa mtaa si lazima wawe ndio madereva wa barabara yake. Kuna vipimo viwili vikali zaidi. Cha kwanza kinaangalia upekuzi umezaa nini: ikiwa Weusi wanapekuliwa mara nyingi zaidi lakini kinachokutwa kwao ni kidogo kuliko kwa Wazungu, maana yake wanapekuliwa kwa shaka nyepesi zaidi. Cha pili kinatumia jua. Saa ile ile ya jioni huwa na mwanga majira ya kiangazi na giza majira ya baridi; kama sehemu ya Weusi kati ya waliosimamishwa hupanda pale ambapo sura ya dereva inaonekana, rangi imeingia kwenye uamuzi.

Oakland ilifunguliwa macho na uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford chini ya Profesa Jennifer Eberhardt, uliotolewa mwaka 2016. Matukio 28,119 ya miezi 13 yalichambuliwa. Asilimia 60 ya waliosimamishwa walikuwa Weusi, katika jiji ambalo wakati huo Weusi walikuwa asilimia 28. Ukiweka kando waliokamatwa, mwanamume Mweusi alifungwa pingu katika tukio moja kati ya kila manne; Mzungu, moja kati ya kila 15. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2017, ulisikiliza kamera za kifuani katika matukio 981. Wazungu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 57 wa kuambiwa maneno ya heshima ya juu kabisa, na Weusi kwa asilimia 61 wa kuambiwa yale ya heshima ya chini kabisa. Hayakuwa matusi. Yalikuwa mambo kama kuitwa kijuujuu na mtu asiyekujua, au kuamrishwa uweke mikono kwenye usukani bila hata salamu. Kwa sisi tuliolelewa kwamba mtu mzima huanzwa kwa shikamoo, jambo hilo halihitaji maelezo.

Kilichobadilisha mwenendo kilikuwa swali moja lililoongezwa kwenye fomu: je, unamsimamisha mtu huyu kwa taarifa mahususi inayomhusisha na kosa fulani? Ndiyo au hapana, na kama ndiyo, taarifa imetoka wapi. Mwaka 2017 askari wa Oakland walisimamisha watu wapatao 32,000. Mwaka uliofuata baada ya swali kuingia, idadi ilishuka hadi 19,000 hivi. Waliosimamishwa ambao ni Weusi walipungua kwa zaidi ya asilimia 43, na uhalifu haukupanda. Swali linafanya kazi kwa kumlazimisha askari asite kidogo ajiulize ana nini mkononi. Asiyekuwa na taarifa, ila hisia tu, hukuta hana cha kuandika.

Lakini soma hesabu hiyo kwa makini. Jumla yenyewe ilishuka kwa karibu asilimia 40, kwa hiyo uwiano kati ya rangi na rangi ulisogea kidogo tu. Faida kubwa ilikuwa maelfu ya watu waliofika nyumbani bila kusimamishwa. Wanaosema tatizo limekwisha na wanaosema hakuna lililobadilika, wote wamesoma nusu ya jedwali.

Hii ndiyo sababu kazi kubwa ya Tume ni sera, hata kama wananchi huijia kwa ajili ya adhabu. Sera za matumizi ya nguvu, za kuwalenga watu kwa rangi na za kusimamia maandamano lazima zipite mikononi mwake. Mwaka 2019, kwa mfano, Oakland ilibana desturi ya kumuuliza mtu mara tu anaposimamishwa kama yuko kwenye parole (kuachiwa gerezani kwa masharti) au adhabu ya uangalizi. Swali lile lilionekana dogo, lakini jibu la ndiyo lilifungua mlango wa kupekuliwa bila hati, na walioulizwa zaidi walikuwa Weusi. Ng'ambo ya ghuba, Tume ya Polisi ya San Francisco ilipiga kura 4 kwa 3, Januari 2023, kuzuia kusimamisha watu kwa makosa madogo kama taa ya kibao cha namba au kitu kilichoning'inia kwenye kioo cha ndani, makosa ambayo hutumika kama kisingizio cha kutafuta jambo jingine.

Kwa mwenye malalamiko, CPRA inatakiwa kuchunguza yote yanayohusu nguvu, kifo mikononi mwa polisi, kulengwa kwa rangi au utambulisho mwingine unaolindwa, na mikusanyiko ya umma. Unaweza kulalamika bila kutaja jina, ingawa hapo hutapata majibu. Uraia si sharti. Sheria ya jimbo ya SB 54 inawakataza polisi wa miji kuuliza hali yako ya uhamiaji, na hofu ya kuulizwa hivyo peke yake imewafungia watu wengi ndani.

Andika kilichotendeka, si hitimisho lako. "Alinibagua kwa sababu mimi ni Mwafrika" ni hitimisho. Linaweza kuwa kweli, lakini mchunguzi hawezi kulitafutia mkanda wa video. Andika tarehe, makutano ya barabara, namba ya beji au jina kwenye sare (sheria inamtaka askari mwenye sare avae kimojawapo), namba ya gari la doria, maneno ya kwanza ya askari, sababu aliyotaja na wakati alipoitaja, kama aliomba ridhaa ya kupekua na ulijibu nini, pingu zilikaa mkononi muda gani, na kama ulipewa tiketi. Ukiombwa ridhaa una haki ya kukataa. Sema hapana kwa utulivu, na usimzuie kwa mikono.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee. Ukimwambia mkalimani "saa 3 na dakika 40 usiku" naye akaandika 3:40, mchunguzi ataomba rekodi ya alfajiri, ataambiwa hakuna tukio, na jalada litaanza vibaya. Andika 9:40 PM. Usimtumie mtoto wako kuwa mkalimani, omba mkalimani. Na wahi, kwa sababu kamera za maduka hufuta picha zake zenyewe kwa muda mfupi, na duka halina wajibu wa kukusubiri.

Wakala unatakiwa kujitahidi kumaliza ndani ya siku 180. Ukomo usiovukika ni mwaka mmoja: kwa sheria ya jimbo, ukipita mwaka tangu mwenye mamlaka ya kuanzisha uchunguzi ajue kuhusu kosa, adhabu kwa kawaida haiwezi kutolewa tena. Matokeo yako ya namna nne. Kosa limethibitishwa, halikuthibitishwa kwa kukosa ushahidi wa kuelemea upande wowote, kitendo kilifanyika ila kilikuwa halali, au hakikufanyika kabisa. Tafadhali tofautisha la pili na la nne. "Halikuthibitishwa" halisemi umedanganya, na jalada lake hutunzwa si chini ya miaka 5. Lililothibitishwa, si chini ya 15. Malalamiko kadhaa ya aina hiyo dhidi ya askari mmoja huonekana pamoja. Majibu ya maandishi unatumiwa ndani ya siku 30 baada ya uamuzi.

Kosa likithibitishwa, wakala na mkuu wa polisi wakikubaliana, askari anapewa notisi ya adhabu: karipio la maandishi, kusimamishwa kazi bila mshahara, kushushwa cheo au kufukuzwa. Wasipokubaliana, makamishna watatu wanaamua. Kabla adhabu haijatekelezwa askari ana haki ya kujitetea, na baadaye anaweza kwenda kwa msuluhishi, ambaye anaweza kuipunguza. Tangu 2023 jimbo linaweza pia kumnyang'anya cheti askari aliyeonyesha ubaguzi, asiajiriwe mji mwingine. Na tangu 2022, chini ya SB 16, rekodi za ubaguzi uliothibitishwa zinaweza kuombwa na mtu yeyote.

Kuna mambo Tume haifanyi, na tunaomba yaeleweke mara moja. Haifuti tiketi. Tiketi ina tarehe yake mahakamani, na kulalamika hakuisogezi. Ukikaa ukisubiri Tume, deni litakua. Hailipi fidia. Anayedai fidia ya majeraha au mali anawasilisha dai kwa jiji ndani ya miezi 6 tangu tukio, na malalamiko kwa CPRA hayahesabiki kuwa dai hilo. Tena haina mamlaka juu ya askari wa barabara kuu za jimbo, wa kaunti ya Alameda, wala wa treni za BART. Hao wote wanafanya kazi ndani ya Oakland na kila chombo kina mlango wake, kwa hiyo angalia maandishi ubavuni mwa gari kabla hujaandika.

Vikao vya Tume ni vya wazi na mwananchi hupewa nafasi ya kusema. Dakika ni chache, kwa hiyo peleka jambo moja: sera ipi, kifungu kipi, ungependa kibadilike vipi. Kesi yako binafsi iache kwa wakala, kwa sababu makamishna ndio wanaoweza kuja kuiamulia adhabu, na hawatakiwi kuisikia pembeni. Nafasi za makamishna nazo hutangazwa muhula unapokwisha. Masharti ya msingi ni kuwa mkaazi wa Oakland na kutimiza miaka 18.