Peyton Place: Yanayosemwa na Yaliyomo Ndani ya Filamu

Peyton Place, filamu iliyoongozwa na Mark Robson mwaka 1957, inajulikana kwa jina kuliko kwa yaliyomo. Nchini Marekani jina hilo liligeuka kuwa lakabu ya mji wowote mdogo wenye umbea na mambo ya chumbani, na wengi wanaolitaja hawajawahi kuketi kuitazama filamu yenyewe, ambayo ina urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Si ajabu basi kwamba mengi yanayosemwa juu yake hayana msingi.

Linalorudiwa sana ni kwamba kesi inayoonyeshwa mwishoni, ya msichana aliyemuua baba wa kambo aliyembaka, ilichotwa kwenye maisha ya Lana Turner, mwigizaji wake mkuu. Tarehe zenyewe zinakanusha dai hilo. Filamu ilizinduliwa Desemba 1957, ilhali Johnny Stompanato, mpenzi wa Turner, alichomwa kisu na binti wa mwigizaji huyo, msichana wa miaka 14, tarehe 4 Aprili 1958. Jopo lililochunguza kifo hicho liliamua kwamba binti hakutenda kosa la jinai. Kinachowapotosha watu ni mfanano wa matukio: katika filamu, Turner ni Constance MacKenzie, mama mwenye duka la nguo ambaye anaitwa kizimbani kutoa ushahidi, na miezi michache baadaye magazeti yalijaa picha zake akitoa ushahidi wa kweli, wa jambo lililotokea nyumbani kwake.

Chimbuko halisi liko kwingine, na ni zito zaidi. Filamu inatokana na riwaya ya Grace Metalious iliyotoka mwaka 1956. Mwandishi huyo aliishi Gilmanton, New Hampshire, eneo ambalo katika miaka ya 1940 binti mmoja alimuua baba yake mzazi aliyekuwa akimdhulumu, kisha maiti ikafukiwa zizini. Katika mswada wake Metalious aliacha mdhalimu awe baba mzazi; wachapishaji ndio waliomtaka ambadilishe awe baba wa kambo, kwa kuhofia kwamba wasomaji wasingestahimili. Hapo unaona jinsi ukweli ulivyopunguzwa makali kabla hata ya kufika kwenye kamera.

Kwa sababu hiyo, dhana kwamba hii ni filamu chafu, iliyotengenezwa ili kuuza aibu za watu, inanisikitisha kuliko zote. Kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa bado na nguvu, na mwandishi wa filamu, John Michael Hayes, alilazimika kuisafisha riwaya ukurasa kwa ukurasa. Mfano mmoja unatosha. Selena Cross, msichana maskini anayebakwa na Lucas, mume wa mama yake, anapata mimba. Katika riwaya, Daktari Swain anakubali kuitoa mimba hiyo huku akijua kwamba anavunja sheria. Katika filamu, Selena anamkimbia Lucas msituni, anaanguka na mimba inaharibika. Daktari anaingiza kwenye kumbukumbu kwamba alimfanyia upasuaji wa kidole tumbo. Uamuzi mgumu wa binadamu umegeuzwa ajali. Atakayeitazama akitafuta uchafu ataambulia patupu.

Mengine ni ya kusahihishwa kwa haraka. Mandhari ya filamu si ya Gilmanton, bali ni ya Camden na miji jirani katika jimbo la Maine. Tamthilia ya televisheni ya jina hilohilo, iliyomtambulisha mwigizaji Mia Farrow, ni kazi nyingine, iliyorushwa kati ya 1964 na 1969. Na ingawa filamu iliteuliwa kuwania tuzo 9 za Oscar, watano kati ya walioteuliwa wakiwa waigizaji, haikupata hata moja.

Dhana ya mwisho ni ya watazamaji wenyewe, nami nilikuwa mmoja wao: kwamba Daktari Swain, aliyeigizwa na Lloyd Nolan, ndiye shujaa asiye na doa. Ni kweli kwamba anamlazimisha Lucas kuandika ungamo na kuhama mji. Lakini ungamo hilo analificha kwa kuwa Selena amemsihi asimwaibishe, na stara hiyo, iliyofanywa kwa nia njema kabisa, inamwacha mbakaji akiwa hana rekodi yoyote dhidi yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa ni daktari peke yake. Lucas anaporudi wakati wa Krismasi, akiwa amevaa sare ya wanamaji, na kumvamia tena, Selena hana wa kumkimbilia, kwa maana mji mzima haujui lolote. Anampiga Lucas hadi anakufa, kisha yeye na mdogo wake wanaufukia mwili.

Mtazame Hope Lange, anayemwigiza Selena, akiwa kizimbani. Analo neno la kumwokoa na halisemi, kwa kuwa aibu ya kubakwa anaiona nzito kuliko hukumu ya mauaji. Ni daktari anayevunja ahadi na kutoa karatasi aliyoiandika Lucas. Halafu, badala ya kushuka, anawageukia majirani waliojaa ukumbini na kuwaambia kwamba umbea wao ndio uliomfunga msichana huyu mdomo. Selena anaachiwa huru. Hata hivyo, lile alilokuwa tayari kufungwa ili lisijulikane limekwisha kusikika na kila mtu aliyemo ukumbini, tena kutoka kwa mtu aliyemwahidi kulitunza.