Kabla ya Kununua Dawa, Soma Mishipa ya Jani

Jani la mkorosho likigeuka njano, wakulima wengi wa Tandahimba, Masasi au Ruangwa, huku kusini mwa Tanzania, hukimbilia duka la pembejeo. Safari hiyo inaweza kusubiri dakika mbili. Chuma jani, geuza upande wa chini uje juu, kisha liinue kwenye jua. Mshipa mkuu utauona umetoka kwenye kikonyo, mnene, ukipungua kuelekea nchani. Mishipa ya pembeni imechepuka huku na huku, na kati yake kuna wavu wa mishipa midogo sana, mingine ionekane kwa taabu. Sasa angalia njano imekaa wapi: juu ya mishipa, kando yake, au katikati ya mshipa na mshipa. Jibu la swali hilo litakuokolea fedha nyingi kuliko ushauri wa muuza dawa.

Ndani ya kila mshipa kuna njia mbili zinazokwenda sambamba. Moja ni zailemu, inayoleta maji na madini kutoka mizizini. Nyingine ni floemu, inayobeba sukari iliyotengenezwa na jani kwa usanisinuru, yaani kwa mwanga wa jua, na kuipeleka kwenye mizizi, maua na matunda. Mshipa mkuu ndio unaovuta macho, lakini kazi kubwa ya kugawa maji iko kwenye ile midogo: ukijumlisha urefu wa mishipa yote ya jani la namna hii, zaidi ya asilimia 80 ni mishipa midogo. Kwa kuwa imeungana kama wavu, mdudu akitoboa katikati ya jani maji huzunguka tundu na kufika upande wa pili. Ndiyo maana jani lililotobolewa linaweza kuendelea kuwa kijani mpaka nchani. Mhogo una kinga ya ziada. Mishipa yake mikuu hutoka sehemu moja juu ya kikonyo, kila kidole cha jani na mshipa wake, hivyo kimoja kikikatika vingine haviathiriki sana.

Mahindi, mtama na mpunga ni ukoo mwingine; mishipa yao imelala sambamba kutoka chini hadi ncha. Mnazi nao uko upande huo, na mshipa mkuu wa kila kipande cha kuti ni mgumu kiasi kwamba pwani yote tunafagilia uani: chelewa ndiyo huo. Mishipa ina kazi hiyo pia, ya kulishikilia jani lisipinde wala kuchanika kusi ikivuma.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni kwamba floemu ya jani hubadili mwelekeo. Jani changa halijilishi. Kwa siku zake za mwanzo linaletewa sukari na majani yaliyokomaa, na ni mpaka litanuke kiasi ndipo linapoanza kutoa, likianzia nchani kuelekea kwenye kikonyo. Kwa hiyo chipukizi jekundu la mkorosho ni mdaiwa: limekopeshwa na mti na bado halijalipa. Huku kwetu mvua huisha kati ya Aprili na Mei, na mikorosho huchipua sana baada ya hapo, udongo wa juu ukiwa umeshakauka na maji yanatoka chini kwenye mizizi mirefu. Mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza mimea, si mbu wa malaria) akifyonza machipukizi wakati huo, mti unapoteza vyote viwili, kile ulichokopesha na kile ulichotarajia kulipwa. Alama zake kwenye jani ni mabaka meusi yenye pembe, yaliyofuata mishipa. Ukiwakuta maji moto, wale sisimizi wa mitini, wamejenga viota kwenye mti huo, waache. Wanauma, ndiyo, lakini mbu huyo ni chakula chao.

Turudi kwenye njano. Ikiwa majani ya zamani, yale ya chini ya tawi, yamepauka katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, shuku upungufu wa magnesiamu. Madini haya ni sehemu ya klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, na mmea ukikosa ya kutosha huyachomoa kwenye majani yaliyozeeka na kuyapitisha kwenye floemu hadi kwa machanga. Mchoro huohuo ukitokea kwenye majani machanga huku ya zamani yakiwa salama, shuku madini ya chuma, kwa sababu chuma kikishatua kwenye jani ni vigumu kuhamishwa. Hali hii huonekana zaidi kwenye udongo wenye chokaa nyingi, kama ule ulio juu ya miamba ya matumbawe karibu na bahari. Jani la zamani likiwa njano lote pamoja na mishipa, anza kufikiria naitrojeni.

Hapa niseme neno kuhusu salfa, dawa inayopulizwa kwenye mikorosho. Inafanya kazi yake vizuri dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa unaoonekana kama unga mweupe juu ya machipukizi na maua, bila kujali mishipa iko wapi. Haitibu njano. Tena salfa inayoanguka chini hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa tindikali, na kwenye udongo wa kichanga kama wa uwanda wa Makonde tindikali huchangia magnesiamu na kalisi kuoshwa na mvua. Anayepuliza salfa kutibu njano ya magnesiamu anaweza kuwa anaikuza. Dawa ya tatizo hilo ni kupima udongo, na kipimo kikithibitisha, kutumia chokaa ya dolomaiti, ambayo ina magnesiamu ndani yake.

Kwenye mihogo, mishipa inasema jambo zito zaidi. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kisayansi mwaka 1936 hapa hapa Tanganyika, huonyesha njano inayoshikamana na mishipa ya pembeni na kusambaa kando yake, kwenye majani ya chini yaliyokomaa. Jani halijikunji, na shina linaweza kusimama likiwa na afya machoni. Kumbe chini mhogo una mabaka ya kahawia, makavu, magumu, hauliki. Batobato, ugonjwa mwingine wa mihogo, ni tofauti: mabaka ya njano na kijani yaliyochanganyika, jani limejikunja, tena hata lile changa. Virusi vya magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, ambao huchomeka mdomo moja kwa moja kwenye floemu, na virusi huingia njia ileile ya sukari kuelekea mizizini. Hakuna dawa ya kupuliza itakayovitoa. Ng'oa shina, na usichukue pingili zake kuwa mbegu wala kumgawia jirani.

Kwenye ufuta, angalia umbo la doa. Likiwa na kona, limezuiwa na mishipa ambayo vimelea wameshindwa kuivuka, jambo linaloelekeza kwenye magonjwa ya madoa ya bakteria au ukungu fulani. Kona peke yake haitoshi kutaja ugonjwa, kwa hiyo usinunue dawa kwa ushahidi huo tu.

Ukibaki na shaka, peleka sampuli kwa afisa ugani au Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele, Mtwara. Chukua majani machache ya juu ya tawi na machache ya chini, yafunge mbalimbali kwenye gazeti na uandike yapi ni yapi. Mfuko wa plastiki hutoa jasho, na kwa joto letu majani yatafika yameoza. Mihogo unayoishuku isafirishwe kwa picha tu, si kwa pingili: jani moja la chini lililoinuliwa kwenye mwanga, na mhogo mmoja uliokatwa vipande.